Cessna 172

Cessna 172 (huitwa pia Skyhawk) ni ndege ndogo yenye injini moja, mabawa ya juu na viti vinne. Hutengenezwa nchini Marekani na Cessna, kampuni iliyoanzishwa na Clyde Cessna mwaka 1927 mjini Wichita, Kansas, ambayo leo ni sehemu ya Textron Aviation. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955 na kuanza kuuzwa mwaka 1956. Zimetengenezwa zaidi ya 44,000, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyofikia idadi hiyo.

Nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kabla ya mwaka 1987. Kwa hiyo mtu anayenunua Cessna 172 kwa matumizi yake binafsi kwa kawaida hununua iliyotumika, na mara nyingi ndege hiyo humzidi umri. Gari la miaka 50 huwekwa makumbusho au jalalani. Ndege ya miaka 50 yaweza kuwa kazini kila siku ikifundisha marubani. Linalowezesha jambo hilo ni matunzo yanayodaiwa na sheria pamoja na maandishi yanayothibitisha kwamba matunzo hayo yalifanyika.

Historia

Cessna 172 ilitokana na Cessna 170, ndege iliyokuwa na gurudumu dogo chini ya mkia. Ndege za namna hiyo zilihitaji uangalifu mkubwa wakati wa kutua, kwa sababu mkia hupenda kuzunguka na kutangulia mbele. Wahandisi waliliondoa gurudumu la mkia wakaweka la mbele, chini ya injini. Badiliko hilo moja liliifanya ndege iwe rahisi kutua hata kwa mwanafunzi, na wanunuzi waliipenda mara moja. Mwaka 1960 mkia ulipewa umbo la kulala nyuma, na mwaka 1963 dirisha la nyuma likaongezwa. Nchini Ufaransa kampuni ya Reims Aviation ilitengeneza ndege hizohizo kwa jina la F172.

Mwaka 1986 utengenezaji ulisimama. Sababu haikuwa ukosefu wa wateja peke yake, bali kesi za madai. Kiwanda kiliweza kushtakiwa kwa ajali ya ndege kilichoiuza miaka 30 iliyopita, hata kama ilikwisha kupita mikononi mwa wamiliki na mafundi wengi, na gharama za bima zilipanda kupita kiasi. Tarehe 17 Agosti 1994 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria inayozuia kumshtaki mtengenezaji wa ndege ndogo baada ya miaka 18 tangu ndege iuzwe. Cessna ilijenga kiwanda kipya mjini Independence, Kansas, na mwaka 1996 ndege zilianza kutoka tena. Pengo hilo la miaka kumi linaonekana hadi leo sokoni: kuna ndege za zamani za bei ya kadiri, kuna mpya za bei kubwa, na katikati hamna kitu.

Aina na injini

Tofauti kubwa kati ya miaka ya utengenezaji iko kwenye injini. Ndege za mwaka 1956 hadi 1967 zina injini ya Continental O-300 yenye silinda sita na nguvu farasi 145. Kuanzia mwaka 1968 (aina ya 172I) iliwekwa Lycoming O-320 yenye silinda nne na nguvu farasi 150. Aina ya 172N, iliyoanza mwaka 1977, ilipata nguvu farasi 160 kutoka injini ya O-320-H2AD, ambayo habari zake zitaelezwa chini. Mwaka 1981 ilikuja 172P yenye O-320-D2J. Ndege za tangu 1996, yaani 172R na 172S, zina injini ya IO-360 isiyo na kabureta. Hiyo ya pili hutoa nguvu farasi 180.

Injini hizi zote hupozwa kwa hewa, si kwa maji. Kila silinda ina plagi mbili, na umeme wa plagi hutoka kwenye magneto mbili zinazojitegemea. Betri ikifa angani injini huendelea kunguruma. Ni mpango wa kizamani kabisa, na ndiyo maana unaaminika.

Madaftari ya ndege

Kila ndege ina madaftari yake ya kumbukumbu: moja la mwili, moja la injini, na mara nyingi moja la propela. Kila ukaguzi, kila kipuri kilichobadilishwa na kila ajali iliyotengenezwa huandikwa humo kwa tarehe, idadi ya saa na sahihi ya fundi mwenye leseni. Nchini Marekani matengenezo makubwa na mabadiliko makubwa hujazwa pia katika fomu namba 337, na nakala hutunzwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA.

Mtu asiyezoea mambo ya ndege hutazama rangi na viti. Fundi mzoefu huomba madaftari kwanza. Ndege ambayo daftari lake la miaka ya mwanzo limepotea hupungua bei hata kama inang'aa, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba haikuanguka, wala kwamba sehemu zenye kikomo cha saa hazijapitisha kikomo. Ukurasa ulioandikwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja kwa ukaguzi wa miaka mitano mfululizo nao hustahili maswali.

Ukaguzi na matunzo

Kwa sheria za Marekani, kila ndege binafsi sharti ikaguliwe mara moja katika kila miezi 12. Ukaguzi huo hutiwa sahihi na fundi mwenye idhini maalumu ya ukaguzi, ambayo ni ya juu kuliko leseni ya kawaida ya ufundi. Ndege inayobeba abiria kwa malipo au kutumika kufundishia kwa kukodishwa hukaguliwa pia kila baada ya saa 100 za kuruka. Vifuniko hufunguliwa, viti hutolewa, nyaya za usukani hupapaswa kwa kitambaa ili uzi uliokatika unase, na fundi humulika ndani ya mabawa kwa tochi kutafuta kutu na ribiti zilizolegea.

Mmiliki mwenye leseni ya urubani anaruhusiwa kufanya kazi ndogo mwenyewe, kama kubadilisha oili, matairi na plagi, mradi aandike daftarini. Kwa injini za Lycoming zenye chujio kamili, oili hubadilishwa kila saa 50 au kila miezi minne, lolote litakalotangulia. Chujio la zamani halitupwi hivihivi. Hukatwa, karatasi yake ikakunjuliwa na kutazamwa kwenye mwanga. Vipande vya chuma vinavyometameta ni habari mbaya, na afadhali zipatikane mezani kuliko angani.

Afya ya silinda hupimwa kwa jaribio la mgandamizo. Fundi huingiza hewa yenye kanieneo ya pauni 80 kwa inchi ya mraba na kusoma kiasi kinachobaki ndani. Matokeo ya 75 kwa 80 ni mazuri. Silinda inayosoma 50 na ushee huchunguzwa. Kisha fundi hutega sikio: hewa ikivuma kwenye bomba la moshi, inavuja kupitia vali ya moshi, ikivuma kwenye tundu la kujazia oili, ringi za pistoni zimechoka.

Lycoming hupendekeza injini ya O-320 ifumuliwe na kujengwa upya baada ya saa 2,000 au miaka 12. Wamiliki wengi hukumbuka saa na kusahau miaka, ilhali miaka ndiyo iliyoua injini nyingi. Katika injini hizi kemshafti imekaa juu ya krankishafti. Ndege ikilala miezi kadhaa bila kuruka, oili yote huteremka chini na kuiacha kemshafti kavu ikishika unyevu wa hewa, mpaka inaota kutu. Siku injini itakapowashwa, kutu hiyo husaga kemshafti na vipande vyake husambaa kote. Kwa hiyo ndege ya miaka 40 yenye saa chache sana, ambayo muuzaji huisifu kuwa haijatumika, yaweza kuwa mbovu kuliko ile ya shule iliyoruka kila juma. Kuiwasha chini kwa dakika kumi kila mwezi hakusaidii. Oili haipati joto la kutosha kufukuza unyevu, na unyevu mwingine huongezeka. Dawa ni kuiruisha.

Udhaifu unaojulikana

Hitilafu inayojirudia katika ndege nyingi za aina moja inapogunduliwa, FAA hutoa agizo la lazima kwa wamiliki wote. Maagizo hayo ni mengi kwa Cessna 172, lakini linalostahili kujulikana na kila anayeketi ndani yake linahusu kiti.

Viti vya mbele huteleza juu ya reli, na hufungwa mahali pake kwa pini inayoingia katika tundu la reli. Baada ya miaka mingi matundu hulika na kuwa marefu kama yai, na pini nayo huisha ncha. Ndege inapopaa pua hunyanyuka. Kiti kisichoshikwa vizuri hufyatuka kurudi nyuma. Rubani, kwa kujishika asianguke, huvuta usukani alioushika mikononi. Pua hupanda zaidi, kasi hupotea, mabawa hukosa kunyanyua, nayo ndege i mita chache tu juu ya ardhi. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Agizo la mwaka 1987, namba 87-20-03, liliamuru reli na pini zipimwe kila saa 100, na mwaka 2011 lilifuatwa na agizo jipya. Cessna ilitengeneza pia mkanda wa ziada wa kukizuia kiti cha rubani. Marubani wengi hufundishwa kukitikisa kiti mbele na nyuma kabla ya kuwasha injini.

Injini ya O-320-H2AD ya miaka ya 1977 hadi 1980 ilipata sifa mbaya kwa sababu kemshafti na vipande vinavyosukuma vali vililika mapema, hasa inapowashwa katika baridi kali. Lycoming iliirekebisha, na agizo la FAA linataka nyongeza maalumu itiwe katika oili yake. Zilizobaki leo nyingi zimekwisha kupewa vipuri vilivyorekebishwa na hufanya kazi vizuri, ila ndizo zinazodai zaidi kurushwa mara kwa mara. Tena magneto zake mbili zimo katika kasha moja na huzungushwa na ekseli moja, kwa hiyo ule uhuru wa magneto uliosifiwa hapo juu si kamili kwa injini hii.

Mambo mengine ni madogo ila huzoeleka: gurudumu la mbele kutetemeka wakati wa kutua, barafu kuganda ndani ya kabureta hata siku isiyo ya baridi endapo hewa ni nyevu, nyigu kujenga ndani ya mrija wa kupimia kasi, na maji ya mvua kupenya kwenye vifuniko vya matangi vilivyozeeka. Maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini, ndiyo maana rubani hutoa mafuta kidogo chini ya bawa kila asubuhi na kuyatazama katika chupa ya kioo.

Kutu ya alumini ni suala la peke yake. Nyingi kati ya ndege za kabla ya 1986 hazikupakwa rangi ya kinga kwa ndani, kwani ilikuwa ya kuagizwa na kulipiwa zaidi. Ndege iliyoishi jangwani Arizona na iliyoishi kando ya bahari Florida zaweza kuwa za mwaka mmoja na zisifanane hata kidogo zikifunguliwa. Cessna imetoa mwongozo wa ukaguzi wa ziada kwa ndege zake zilizozeeka. Nchini Marekani mmiliki binafsi hakulazimishwa kuufuata. Australia iliufanya kuwa wa lazima.

Kununua iliyotumika

Bei ya Cessna 172 iliyotumika huamuliwa kwanza na saa za injini tangu ijengwe upya. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kujenga upya injini kunagharimu dola 30,000, na injini inatarajiwa kudumu saa 2,000. Kila saa ya kuruka basi hula dola 15 za injini, zilipwe leo au baadaye. Ndege yenye saa 1,900 inayouzwa dola 15,000 chini ya ile yenye saa 300 si rahisi, kwa maana tofauti ya saa 1,600 ni dola 24,000. Mnunuzi aliyemaliza fedha zake zote siku ya kununua hana ndege kwa kweli. Ana deni lenye mabawa.

Kabla ya kulipa, hufanywa ukaguzi wa mnunuzi. Fundi anayeufanya asiwe yule aliyetia sahihi ukaguzi wa mwaka uliopita, maana atakuwa anajisahihisha mwenyewe. Hupima mgandamizo, hufungua chujio la oili, huangalia reli za viti, na hulinganisha namba iliyogongwa kwenye kibati cha ndege na ile iliyo katika hati. Hutazama sana ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Gurudumu la mbele limefungwa hapo, na mwanafunzi akitua kwa pua, ukuta huo hukunjamana. Mikunjo iliyonyooshwa bila kuandikwa daftarini ni dalili kwamba huenda yapo na mengine yasiyoandikwa.

Propela iliyowahi kugonga chini ni jambo jingine. Kuinyoosha au kuibadilisha hakutoshi, kwa sababu pigo husafiri hadi ndani ya injini. Kwa injini za Lycoming kuna agizo la lazima la kufungua na kukagua gia ya krankishafti baada ya pigo kama hilo.

Mwisho ni umiliki. Kumbukumbu za umiliki wa ndege zilizosajiliwa Marekani ziko Oklahoma City, na hupekuliwa kuona kama ndege imewekwa rehani. Deni lililosajiliwa juu ya ndege haliondoki kwa kuwa ndege imeuzwa, na mnunuzi asiyejua anaweza kujikuta nalo.

Maboresho

Mmiliki haruhusiwi kufunga chochote apendacho. Kifaa au badiliko lisilo la kiwandani huhitaji cheti cha nyongeza kinachoonyesha kwamba lilijaribiwa kwa aina hiyo ya ndege. Kwa Cessna 172 vyeti hivyo ni vingi mno, jambo ambalo ni faida mojawapo ya kuwa na ndege iliyoenea.

Linalofanywa sana siku hizi ni kubadilisha ala. Ala za zamani za kuonyesha mlalo wa ndege huzungushwa kwa pampu ya kufyonza hewa, na pampu hiyo hufa ghafla bila taarifa. Rubani aliye ndani ya mawingu akipotewa na ala hizo hubaki na dakika chache. Vioo vya kielektroniki kama Garmin G5 huondoa haja ya pampu. Tangu tarehe 1 Januari 2020 ndege inayoingia katika sehemu kubwa ya anga lenye shughuli nyingi Marekani sharti pia iwe na kifaa cha kutangaza mahali ilipo. Wengine huweka injini ya nguvu farasi 180. Wapo waliopata cheti cha kutumia petroli ya magari katika injini za zamani zisizohitaji oktani kubwa, na mwaka 2022 FAA iliidhinisha petroli ya ndege ya G100UL, isiyo na madini ya risasi.

Fedha za maboresho hazirudi zote wakati wa kuuza. Ndege nyingi za zamani hazikuwa na mikanda ya mabega, bali wa kiuno tu, hivyo kichwa cha rubani hugonga dashibodi hata katika ajali ndogo. Kuifunga mikanda hiyo ni kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na vioo vya kielektroniki, lakini katika matangazo ya mauzo vioo ndivyo vinavyotajwa.

Afrika Mashariki

Cessna 172 ni ndege ya kawaida katika shule za urubani za eneo hili, hasa katika Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, na imetumika pia katika chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, Uganda. Ndege za Kenya hubeba alama ya 5Y, za Tanzania 5H na za Uganda 5X. Ndege iliyonunuliwa ng'ambo hufutwa kwanza katika daftari la nchi ilikotoka, kisha mamlaka ya nchi inakokwenda huikagua pamoja na madaftari yake kabla ya kuipa usajili na cheti cha kustahili kuruka. Cheti cha nyongeza kilichotolewa Marekani sharti nacho kikubaliwe.

Mwinuko wa nchi huongeza tatizo ambalo mnunuzi wa kutoka pwani aweza asilifikirie. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa nyepesi kiasi hicho injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na mchana wa joto huongeza hasara. Ndege inayopaa na watu wanne Zanzibar huenda isifae kubeba wanne hapo. Petroli ya ndege nayo hupatikana katika viwanja vichache tu, ilhali mafuta ya ndege za jeti yapo katika kila kiwanja kikubwa. Ziko injini za dizeli zilizoidhinishwa kwa Cessna 172 zinazotumia mafuta hayo, ila zikifikia kikomo chake cha saa kwa kawaida hubadilishwa nzima badala ya kujengwa upya.

Rekodi

Tarehe 28 Mei 1987 kijana Mjerumani wa miaka 18, Mathias Rust, aliruka na F172P ya kukodi kutoka Helsinki, akapenya ulinzi wa anga wa Umoja wa Kisovyeti na kutua karibu na Uwanja Mwekundu, Moscow.

Rekodi inayohusu zaidi matunzo ni ya Robert Timm na John Cook. Walipaa kutoka Las Vegas tarehe 4 Desemba 1958 kwa Cessna 172 na kutua tarehe 7 Februari 1959, baada ya siku 64, saa 22 na dakika 19 bila kugusa ardhi. Mafuta na chakula walivipokea kutoka lori lililokimbia chini yao barabarani. Injini ilikuwa imefungiwa mabomba yaliyowawezesha kubadilisha oili na chujio zikiwa angani. Hata hivyo masizi yalijaa ndani ya silinda, nguvu zikapungua hadi ndege ikawa inapanda kwa shida ikiwa na mafuta kamili, nao wakalazimika kushuka. Ndege hiyo imening'inizwa ndani ya uwanja wa ndege wa Las Vegas, juu ya mahali abiria wanapochukua mizigo.